Safari ya mpira, kwenda na kurudi: historia ya mechi za ugenini kutoka Uvira

Mechi ya ugenini ina jambo moja ambalo mechi ya nyumbani haina: lazima urudi. Mwanafunzi anayetoka Mulongwe au Kasenga siku ya posho alfajiri kwenda Bukavu kushangilia shule yake amemwambia mama yake kwamba siku ya Mungu jioni atakuwa nyumbani, na siku ya kwanza atakuwa darasani. Pesa ya njia ameigawa mara mbili, nusu mfukoni, nusu ndani ya soksi. Mpango wote umesimama juu ya hilo neno la kurudi.

Nimeona inafaa kusimulia historia ya safari hizi sasa, wakati wengi wanaotusikiliza wako ng'ambo ya Ruzizi au ng'ambo ya ziwa. Hao nao walisafiri, lakini hakuna aliyewapa siku ya kurudi. Barabara ni zilezile.

Tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia Mmarekani «mpira wa koleji», ataelewa mpira wao wa kubeba mikononi, unaochezwa na vyuo vikuu. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan kina viti zaidi ya 107,000, na familia nzima hupanga safari ya siku mbili, hoteli na nyama ya kuchoma, kwenda kumfuata mtoto wa jirani anayecheza jimbo lingine. Kwetu koleji ni sekondari, na jina lilikuja na mapadri. Bukavu kulikuwa na koleji ya Wajezuiti ya Notre-Dame de la Victoire, ambayo leo kila mtu anaiita Alfajiri. Bujumbura, juu kule Kiriri, Wajezuiti walijenga miaka ya 1950 koleji ya Saint-Esprit, kwa ajili ya vijana wa Ruanda-Urundi. Mapadri waliamini mpira unafundisha nidhamu na unachosha miili ya vijana kabla ya usiku. Sijui kama walifaulu hilo la pili. Lakini desturi ikabaki: shule ina jezi, ina wimbo, ina shule nyingine inayoichukia kwa mapenzi, na ili kuifikia hiyo nyingine ni lazima kusafiri.

Kwa mtu wa Uvira, ugenini wa karibu kuliko wote ni Bujumbura. Kutoka Kavimvira, ukivuka na kupita Gatumba, safari nzima ya barabara haifiki kilomita 30. Usiku taa zake zinaonekana kutoka Kalundu. Wakati wa Wabeleji haukuwa ugenini sana: tangu 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo, na faranga ya Uvira ilinunua samaki Usumbura bila maneno. Kisha Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Burundi tarehe 1 Julai 1962, na njia ya kwenda kiwanjani ikawa njia ya kwenda nchi ya watu.

Kiwanja kikubwa cha Bujumbura kilibeba kwa miaka mingi jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mjini humo tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kuuona uhuru alioupigania. Tangu 2019 kinaitwa Intwari, yaani mashujaa. Wazee wa Uvira bado wanasema «Rwagasore», na ukiwasahihisha wanakuangalia tu.

Mwaka 1976, tarehe 20 Septemba, Zaire, Rwanda na Burundi walitia sahihi pale Gisenyi mkataba wa CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu. Wengi wetu hatukuisoma hata kurasa moja ya mkataba huo, lakini tulijua matunda yake: karatasi ya kupitia, lese-pase, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuipata bila pasipoti. Kwa shabiki wa mpira, karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko tiketi. Tiketi ungeweza kupanda mti.

Timu iliyovuta watu ni Vital'O. Mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, jambo ambalo klabu ya Burundi haijalirudia hadi leo. Mechi ya kwanza ilichezwa Bujumbura dhidi ya Africa Sports ya Côte d'Ivoire, ikaisha 1 kwa 1. Kule Abidjan walifungwa 4 bila. Uvira ilijihesabu mwenyeji wa fainali ile, maana hata asiyevuka alikuwa na redio, na redio ya Bujumbura inasikika hapa kama ya nyumbani.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaingia vitani. Julai 1996 nchi za jirani zikaiwekea vikwazo, vilivyodumu hadi Januari 1999. Shabiki yuleyule wa 1992, mwenye miguu ileile na mapenzi yaleyale, hakuwa tena na njia ya kilomita 30.

Hata katika miaka ya utulivu, safari ya Bujumbura ilikuwa hesabu ya saa. Mpaka unafungwa, na ukifungwa umelala upande usio wako. Kwa hiyo mtu wa Uvira aliipenda mechi ya ligi, inayoisha dakika 90 hata kama ni sare. Mechi ya kombe ilimtia wasiwasi: dakika 30 za nyongeza, kisha penalti, na mpaka hausubiri penalti. Wako watu hapa mjini waliotoka kiwanjani matokeo yakiwa 1 kwa 1 na wakajua mshindi wakiwa Gatumba, kwa kuuliza dereva.

Barabara ya pili ni ya Bukavu, na hii ndiyo safari halisi ya mpira kwa timu zetu, maana mpira wa Kongo umepangwa kwa ngazi. Mji una Entente yake, jimbo lina ligi yake, na juu kabisa kuna Linafoot. Timu ya Uvira ikishinda nyumbani, zawadi yake ni kupanda kwenda Bukavu, Kadutu, kwenye kiwanja cha Concorde, mbele ya watu wa Muungano na wa Bukavu Dawa ambao hata hawajui jina lako. Ni kilomita 130 hivi. Mtu wa nchi nyingine akisikia kilomita 130 anafikiri saa mbili.

Kwanza kuna uwanda wa Ruzizi: Runingu, Sange, Luberizi, Bwegera, Luvungi, Katogota, Kamanyola. Ni tambarare, joto, mihogo na ng'ombe, na vizuizi vya barabarani ambapo kila kizuizi kina bei yake. Kamanyola unachagua. Ukibaki Kongo, unapanda Ngomo, kwenye kona ambazo gari mbili kubwa hazipishani bila mmoja kurudi nyuma, na upande mmoja ni bonde. Mvua ikinyesha, Ngomo inaamua yenyewe nani apite. Ukitaka lami, unavuka kuingia Rwanda pale Bugarama, unapita Kamembe, kisha unavuka tena kuingia Bukavu. Hiyo ni timu ya Kongo inayokwenda kucheza na timu ya Kongo, ndani ya jimbo moja, ikiwa na mihuri ya nchi ya kigeni. Wanaopanga safari ya wanafunzi wanajua maana yake: mtoto asiye na karatasi anapanda Ngomo, mwenye karatasi anapita Rwanda, na basi la shule limegawanyika kabla ya mechi kuanza.

Kamanyola yenyewe ina sehemu yake katika historia ya mpira, ingawa wasafiri wengi hununua ndizi tu na kuendelea. Ni hapo Mobutu alijivunia ushindi wa jeshi lake dhidi ya waasi, Juni 1964, na jina la kijiji hicho akalibandika kila mahali. Kiwanja kikubwa cha Kinshasa kilipofunguliwa mwaka 1994 kiliitwa Kamanyola. Miaka mitatu baadaye Mobutu aliondoka, na kiwanja kikaitwa Stade des Martyrs, kwa kumbukumbu ya viongozi wanne walionyongwa mwaka 1966. Kwa hiyo kwa miaka mitatu timu ya taifa ilicheza ndani ya jina la kituo chetu cha ndizi.

Lakini kwenye barabara hii jina ambalo hakuna dereva wa Uvira anayelipita bila kupunguza sauti ya muziki ni Sange.

Ilikuwa ijumaa, tarehe 2 Julai 2010. Kombe la Dunia lilikuwa Afrika kwa mara ya kwanza, kule Afrika Kusini, na siku hiyo zilichezwa robo fainali mbili: Brazil na Uholanzi jioni, halafu usiku Ghana na Uruguay. Ghana ilikuwa timu ya Afrika pekee iliyobaki. Sange, kama vijiji vingine vya uwanda, televisheni ilikuwa katika nyumba ndogo za udongo ambapo watu hulipa kidogo na kubanana kwenye mabenchi. Kwa mtu asiye na pesa ya kusafiri, hiyo ndiyo mechi ya ugenini: unakwenda Johannesburg ukiwa umekaa kwenye ubao.

Jioni hiyo lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya kijiji. Mafuta yakamwagika. Wengine walikimbia na vyombo kuyachota, kama watu wanavyofanya mahali ambapo litra moja ni mshahara wa siku; wengine walibaki ndani wakitazama mpira, hawana habari. Moto ukaja. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wengi kati yao, na majeruhi walikuwa wengi kuliko vitanda vya hospitali za uwanda. Helikopta za Umoja wa Mataifa ziliwabeba waliokuwa na hali mbaya zaidi. Ujumbe huo ulikuwa umebadili jina kuwa MONUSCO siku moja tu kabla. Msalaba Mwekundu ukazika watu katika makaburi ya pamoja, maana miili mingi haikuweza kutambuliwa. Familia zilitambua kwa kuhesabu nani hakurudi nyumbani.

Usiku ule Ghana ilikosa penalti katika dakika ya mwisho na ikatolewa. Afrika nzima ililia kwa sababu hiyo. Huku kwetu hatukujua matokeo hadi kesho yake.

Vita vilivyofunga barabara hii sitavirudia vyote, mnavijua. Oktoba 1996 Uvira ikaangukia mikononi mwa AFDL, na Bukavu siku chache baadaye. Agosti 1998 vita vya pili. Oktoba 2002 mji ukabadili mikono mara mbili ndani ya siku chache. Juni 2004 Bukavu ikashambuliwa. Kati ya vita na vita kulikuwa na miezi, hata miaka, ambapo basi la mashabiki liliondoka Uvira na likarudi. Ukikaa na watu wa mpira utaona wanahesabu historia kwa njia hiyo: «ule mwaka tulioenda Bukavu», «ule mwaka hatukuenda». Naamini ni hesabu ya kweli kuliko ile ya mikataba ya amani. Mkataba unaweza kutiwa sahihi barabara ikiwa imefungwa. Basi la wanafunzi haliwezi kuondoka.

Njia ya tatu ni ziwa. Kwenda Baraka, Kalemie au Kigoma, wengi hupanda bato au boti ya mbao pale Kalundu. Ziwa hili limebeba wachezaji, wafanyabiashara na wakimbizi, mara nyingi pamoja. Meli iliyobeba wengi ni Liemba ya Kigoma, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa katika Vita Kuu, ikaibuliwa, na ikaendelea kufanya kazi hadi wajukuu wa walioizamisha walipozeeka. Mwaka 1997, Mobutu alipoondoka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliikodi. Katika miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Nadhani hakuna kundi kubwa kuliko hilo lililowahi kushuka Kalundu likiwa limetoka ugenini.

Lakini si kila chombo ni Liemba. Desemba 2014 MV Mutambala ilizama katika ziwa letu upande wa Katanga, na watu zaidi ya 120 wakafa. Na kuna tukio moja la Uganda ambalo kila anayepanga safari ya mpira kwa maji inafaa alijue. Siku ya Noeli 2016, timu ya kijiji cha Kaweibanda, wilaya ya Buliisa, ilipanda boti pamoja na mashabiki wake kuvuka sehemu ya Ziwa Albert kwenda Hoima kwa mechi ya kirafiki. Walikuwa watu 45 hivi, wanaimba, wanapiga vuvuzela, wanacheza. Boti ilizidiwa, watu wakaelemea upande mmoja, ikapinduka. Watu 30 hivi hawakurudi. Polisi walisema hali ya ziwa haikuwa mbaya. Furaha yenyewe ilikuwa nzito kuliko boti. Tangu nisome habari hiyo, nikiona vijana wanasimama na kuruka ndani ya boti Kalundu kabla haijatoka, siwezi kunyamaza, hata wakiniita mzee.

Sasa niseme na walioko kambini. Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa ajili ya watu waliovuka ziwa kutoka Uvira na Fizi, na watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mpira unachezwa Nyarugusu tangu mwanzo. Kinachokosekana ni ugenini: sheria ya Tanzania haimruhusu mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Timu inaweza kuwa na jezi, kocha na ushindi wa miaka kumi, na isiwahi kupanda basi. Wachache walitoka kwa mguu wa mpira wenyewe. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, aliondoka Burundi wakati wa vita, akacheza Yanga ya Dar es Salaam, kisha Afrika Kusini na Ulaya hadi Monaco, na alipochagua jezi ya taifa akavaa ya Kongo. Safari yake ilikuwa ndefu, na kila hatua ilikuwa ya kwenda tu.

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, maelfu kwa maelfu walivuka Ruzizi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea, na wako waliozama. Upande wa Burundi, wengi wao walipokelewa kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo, mkoa wa Cibitoke. Familia zililala kwenye nyasi, kati ya magoli, chini ya mvua ya Februari, kabla ya kupelekwa Musenyi. Vijana wa uwanda waliokuwa wamecheza Rugombo zamani, kama wageni wa mechi ya kirafiki, walikitambua kiwanja. Tarehe 10 Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, na njia ya Kavimvira ikajaa watu wanaobeba magodoro.

Na bado vijana wanapanga. Hilo ndilo linalonishangaza kila mara. Barabara ikifunguka wiki mbili, kuna mtu ameshaandika barua kwa prefe wa shule jirani. Safari yenyewe siku hizi ni fupi, mara nyingi Kiliba au Sange, mchana kwa mchana, bila kulala. Michango inakusanywa kidogo kidogo, prefe anatia muhuri, na wazazi wanauliza maswali ambayo zamani hawakuuliza: nani dereva, nani yuko kizuizi cha Runingu wiki hii, na mechi ikichelewa mnafanyaje.

Ninaona pia kitu ambacho zamani kilifanywa na shule chache tu. Kuna daftari. Kila anayepanda ameandikwa jina, mtaa na namba ya simu ya mzazi. Jina linasomwa gari likiondoka, na linasomwa tena gari likirudi, hata kama ni usiku na timu imefungwa 3 bila na kila mtu anataka kulala. Asiyeitika anatafutwa kabla ya gari kuzimwa. Nakala moja ya orodha inabaki Uvira, kwa mtu ambaye hakusafiri.